Carl Akeley na Kamera Iliyozaliwa Afrika ya Mashariki: Maisha ya Fundi wa Picha Zisizo na Rangi

1.0 Utangulizi

Historia ya filamu za awali zilizopigwa katika Afrika ya Mashariki imezoea kuandikwa kana kwamba eneo hili lilikuwa mandhari tu: vyombo viliundwa Ulaya na Marekani, vikaletwa kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, vikafunguliwa, vikaelekezwa kwa wanyama na watu, kisha vikarejeshwa vilikotoka pamoja na picha zilizopatikana. Kwa mtazamo huo bara la Afrika lilitoa cha kupigwa picha, na wengine ndio waliotoa ujuzi. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kueleza maisha ya mtu mmoja, Carl Ethan Akeley (1864–1926), ambaye jina lake linafahamika zaidi kwa wanyama waliohifadhiwa katika makumbusho ya New York kuliko kwa kamera aliyoibuni.

Hoja inayotetewa ina sehemu mbili. Kwanza, kamera ya Akeley, iliyotumiwa baadaye katika vita vya dunia, katika nchi za barafu na katika studio za Hollywood, ilitokana na kushindwa kulikotokea katika nyanda za Afrika ya Mashariki mwaka 1910, na umbo lake haliwezi kueleweka bila kuyaelewa mazingira ya eneo hilo. Pili, kazi iliyoiwezesha kamera hiyo na picha zake ilikuwa ya watu wengi, na wengi wao walikuwa Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa, au yaliandikwa vibaya. Maisha ya Akeley yanafaa kuchunguzwa upya kwa sababu yanaonyesha mambo hayo mawili kwa pamoja, na kwa sababu yanazua swali gumu zaidi: je, mtu anaweza kukiua kitu ili akihifadhi?

2.0 Kutoka Shambani hadi Makumbusho

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika shamba la wazazi wake huko Clarendon, jimbo la New York. Elimu yake ya shuleni ilikuwa ndogo. Alijifunza kuzihifadhi ngozi za ndege na wanyama angali kijana, kwa msaada wa kitabu na wa mafundi wa jirani, na alipofikisha umri wa miaka 19 alijiunga na karakana ya Ward mjini Rochester, iliyokuwa ikiyauzia makumbusho mengi ya Marekani mifupa na wanyama waliojazwa. Mshahara wake ulikuwa dola 3.50 kwa juma. Katika karakana hiyo alishiriki kazi ya kumhifadhi Jumbo, tembo mashuhuri wa sarakasi aliyeuawa na gari la moshi nchini Kanada mwezi Septemba 1885.

Jambo lililomkera Akeley katika karakana hiyo ni namna kazi ilivyofanywa. Ngozi ilishonwa na kujazwa majani makavu mpaka ikavimba, na mnyama akabaki na umbo la gunia. Alipohamia Makumbusho ya Umma ya Milwaukee mwaka 1886 alianza kutafuta njia nyingine. Mwaka 1890 alikamilisha onyesho la panyabuku wa majini wakiwa katika mazingira yao ya asili, yaani maji, majani na viota, na onyesho hilo huhesabiwa miongoni mwa daiorama za mwanzo kabisa za aina yake. Baadaye, katika Makumbusho ya Field mjini Chicago alikoajiriwa mwaka 1896, aliikamilisha mbinu yake: alipima mwili wa mnyama kwa makini, akafinyanga umbo la misuli kwa udongo juu ya kiunzi, akatoa nakala kwa plasta, akatengeneza umbo jepesi lililo wazi ndani, kisha akaigandisha ngozi juu yake. Mnyama hakujazwa tena, alifinyangwa.

Maelezo haya si ya pembeni. Mbinu hiyo ilimlazimu fundi ajue jinsi mnyama anavyosimama, anavyogeuza shingo na anavyobadili uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Picha mnato haikutosha kumwonyesha hayo. Mwendo wenyewe ndio uliohitajika, na mwendo ulihitaji filamu. Kwa hiyo Akeley aliifikia kamera ya sinema kwa njia ya ufinyanzi. Aliitaka kama daftari la kunakilia misuli, na burudani haikuwa katika hesabu yake.

Inafaa kukumbuka pia kwamba alikuwa fundi wa mashine kwa hulka. Akiwa Chicago alibuni bunduki ya saruji, yaani chombo kinachorusha mchanganyiko wa mchanga na saruji kwa nguvu ya hewa, ambacho kilipata hataza mwaka 1911 na kikawa chanzo cha mbinu inayotumiwa hadi leo katika ujenzi wa mahandaki na kingo. Mtu wa namna hii, akikutana na mashine isiyofaa, haishii kulalamika.

3.0 Mikuki, Tembo na Kamera Iliyoshindwa

Safari ya kwanza ya Akeley barani Afrika ilikuwa ya mwaka 1896, kwenda Somalia chini ya Daniel Giraud Elliot. Kutokana na safari hiyo alipata sifa ya kumuua chui aliyejeruhiwa kwa mikono mitupu, kisa kilichomfuata maisha yake yote. Mwaka 1905 alirudi, safari hii katika Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, akiwa na mke wake wa kwanza, Delia, ambaye mwenyewe alikuwa mwindaji hodari. Mmojawapo wa tembo wawili wanaopigana katika Makumbusho ya Field alipigwa risasi naye. Mwaka 1909 Akeley alihamia Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Viumbe mjini New York, na katika mwaka huohuo akaanza safari ya tatu ili kupata kundi la tembo kwa ajili ya makumbusho hayo. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani aliyekuwa akiwinda katika eneo hilo, alishiriki kazi hiyo.

Ni katika safari hii ndipo kamera ilipomshinda. Mwaka 1910 Akeley aliwaajiri wapiga mikuki wa Kinandi ili wawinde simba kwa mtindo wao wa jadi, yeye akiwa tayari kulipiga picha tukio hilo kwa kamera ya sinema. Wanandi walitimiza sehemu yao. Waliwazingira simba, wakawasogelea kwa ngao na mikuki, na wakawaua. Kamera haikutimiza yake. Kila mara tukio lilikuwa limekwisha kabla chombo hakijaelekezwa mahali pake.

Sababu za kushindwa huko ni za kiufundi na zinastahili kuelezwa. Kamera ya sinema ya wakati huo ilikuwa sanduku zito juu ya tripodi. Mpigaji alizungusha mkono mmoja wa chuma ili kuuendesha utepe, kwa kawaida mizunguko miwili kwa sekunde. Ili kuigeuza kamera kushoto au kulia ilimbidi azungushe mkono wa pili, na ili kuiinamisha au kuiinua, mkono wa tatu. Binadamu ana mikono miwili. Zaidi ya hayo, tundu la kulengea lilikuwa pembeni, halikuona sawasawa kile kilichoonwa na lenzi, na kamera ilipoinamishwa jicho la mpigaji lililazimika kulifuata. Chombo cha namna hiyo kilifaa kwa jukwaa la maigizo, ambako mwigizaji hujua mahali pa kusimama. Simba hajui.

Mwaka huohuo, katika miteremko ya Mlima Kenya, Akeley alishambuliwa na tembo dume. Alijishika kwenye pembe zake, akasukumwa ardhini, akavunjika mbavu, uso ukachanika na pafu likajeruhiwa. Wapagazi walimdhania amekufa, na kwa saa kadhaa alilala palepale katika baridi na mvua. Delia alipopata habari alivuka msitu usiku pamoja na watu wa kambi mpaka akamfikia. Kwa maelezo ya Akeley mwenyewe, ni katika miezi ya kupona majeraha hayo ndipo alipopata wazo la ukumbi mkubwa wa wanyama wa Afrika, na katika kipindi hichohicho alilifikiria tatizo la kamera.

Hapa yafaa kumtaja Wimbia Gikungu, Mkikuyu aliyejiunga na msafara wa Akeley mwaka 1905 akiwa bado mvulana, akapanda cheo hadi kuwa mbeba bunduki na mfuatilia nyayo aliyetegemewa kuliko wote. Akeley alimwita Bill, na kwa jina hilo akamwandikia sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1923, In Brightest Africa. Sura hiyo imejaa sifa. Hata hivyo, kitendo cha kumpa mtu jina jipya kwa urahisi wa ulimi wa mwajiri kina maana yake. Jina ndilo linalomwezesha mtafiti kumpata mtu katika kumbukumbu. Anayemtafuta Bill humpata mtumishi mwaminifu wa hadithi ya mtu mwingine, lakini anayemtafuta Wimbia Gikungu humpata mtaalamu wa misitu ya Mlima Kenya ambaye bila maarifa yake hapangekuwa na tembo wa kupimwa wala wa kupigwa picha.

4.0 Kamera ya Akeley: Muundo na Utunzaji

Akeley alirejea New York mwaka 1911, na kamera yake ilipata hataza mwaka 1915. Umbo lake lilikuwa la mviringo, mfano wa ngoma bapa iliyosimamishwa kwa ubavu, na mafundi wa sinema waliibandika jina la utani la chapati ya Kimarekani. Mviringo huo haukuwa urembo. Shata, yaani kilango kinachoruhusu na kuzuia mwanga, ilizunguka ndani ya ukingo wa ngoma hiyo, ikawa na uwazi wa nyuzi 230. Ikilinganishwa na shata ya nusu duara yenye nyuzi 180, kila fremu ilipata mwanga zaidi kwa kiasi kinachozidi robo. Katika msitu wenye giza tofauti hiyo huamua kama kutakuwa na picha au hakutakuwa nayo.

Lenzi zilikuwa mbili zinazolingana, moja ya kupigia na nyingine ya kulengea, nazo zilisogea pamoja, hivyo mpigaji aliona daima kile kilichokuwa kikipigwa. Kipande cha kuwekea jicho kilibaki mahali pake hata kamera ilipoelekezwa juu au chini. Kichwa cha tripodi kilikuwa na magurudumu ya uzito yaliyolainisha mwendo, na mkono mmoja ulitosha kuigeuza kamera upande wowote huku mkono wa pili ukizungusha utepe. Tatizo la mikono mitatu likawa limetatuliwa. Utepe wa futi 200 ulifungwa katika kasha lililotayarishwa mapema, na kasha likabadilishwa kwa muda mfupi sana. Kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde, na kwa kuwa futi moja ya utepe wa milimita 35 ina fremu 16, kasha moja lilidumu dakika 3 na sekunde 20. Huo ndio uliokuwa muda wote wa mpigaji kabla ya kufungua kasha jingine.

Kamera, hata iwe bora namna gani, hutegemea utunzaji, na utunzaji katika Afrika ya Mashariki ulikuwa na maadui watatu: vumbi, unyevu na joto. Msomaji anayezijua Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako ukungu wa Rungwe hauko mbali na vumbi la tambarare za Usangu, hahitaji kuelezwa jinsi msafara mmoja unavyoweza kukutana na maadui hao wote ndani ya juma moja. Chembe ya vumbi ikikaa katika kidirisha ambamo utepe hupita mbele ya lenzi, huchora mstari mweupe au mweusi katika kila fremu mpaka mwisho wa kasha. Kwa hiyo kidirisha hicho kilipaswa kufutwa kila kasha lilipobadilishwa, kwa brashi laini au kijiti cha mti. Chuma hakikuruhusiwa kugusa mahali hapo, kwani huacha mkwaruzo usiofutika. Mafuta ya kulainishia yalikuwa na hatari yake: katika joto hutiririka na kunasa vumbi, na katika baridi huganda. Kamera ya Akeley ililainishwa kwa grafaiti, na hiyo ni miongoni mwa sababu zilizomfanya Robert Flaherty aichague alipokwenda Aktiki ya Kanada mwaka 1920 kupiga filamu ya Nanook of the North, iliyotolewa mwaka 1922. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya simba wa ikweta kikafaa kwa barafu.

Unyevu ulishambulia lenzi na utepe kwa pamoja. Ukungu wa kuvu huota juu ya kioo kilichofungiwa katika sanduku la ngozi lenye unyevu, na ukiachwa muda mrefu huila hata sura ya kioo chenyewe. Dawa yake ni hewa, jua la asubuhi kwa kiasi na sanduku kavu. Utepe nao una tabaka la jelatini linalobeba chembe za fedha, na jelatini hunywa maji ya hewa, ikavimba, ikalainika na kunata. Ndiyo sababu utepe ulibebwa katika makopo ya bati yaliyozibwa, na uliokwisha kupigwa ulipaswa kusafishwa kwa dawa mapema au kuzibwa tena kavu, kwa kuwa taswira iliyofichika ndani yake hufifia kwa joto. Wapigaji makini walikata vipande vifupi na kuvisafisha kambini usiku, ili wajue kama kipimo cha mwanga kilikuwa sahihi kabla ya kuondoka mahali ambapo hawangerudi tena.

Utepe wenyewe ulikuwa wa nitreti ya selulosi, kitu kinachoshika moto kwa urahisi na kuendelea kuwaka hata ndani ya maji. Filamu nyingi za wakati huo hazikuwa na hisi ya rangi nyekundu. Ziliweza kusafishwa chini ya taa nyekundu, jambo lililowafaa watu wa kambini, lakini zilizidisha weusi wa kila chenye wekundu au hudhurungi na kuzifanya mbingu za bluu kuwa nyeupe tupu. Nyuso za Waafrika katika filamu hizo zilitokea nyeusi kuliko zilivyokuwa, na mara nyingi zikakosa alama zake. Watazamaji wa ng’ambo waliodhani wanauona ukweli wa Afrika walikuwa wakiiona, kwa sehemu, kemia ya utepe.

Mizigo hiyo yote ilibebwa vichwani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hivi, yaani kilo 27. Kamera, tripodi, makopo ya utepe na masanduku ya dawa yaligawanywa kwa kipimo hicho, na usalama wake ulitegemea uangalifu wa miguu ya watu waliovuka mito na kupanda miamba. Lugha ya kazi katika misafara ya aina hiyo ilikuwa Kiswahili, hata pale wapagazi walipokuwa Wakikuyu, Wakamba au Wanyamwezi. Maagizo ya utunzaji wa chombo hicho kipya, kwamba kisilowe, kisitikiswe, kisiachwe juani, yalitolewa na kupokelewa katika lugha hii miaka mingi kabla haijawa na istilahi za upigaji picha.

5.0 Mikeno, 1921

Jeshi la Marekani liliitumia kamera ya Akeley katika Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye wapiga picha za habari na wa Hollywood waliipenda kwa matukio ya kasi na ya angani. Mbuni wake, hata hivyo, aliitaka kwa jambo jingine. Mwaka 1921 alisafiri hadi Kivu, mashariki mwa Kongo ya Kibelgiji, kuwatafuta sokwe wakubwa wa milimani. Alifuatana na Herbert na Mary Hastings Bradley, pamoja na binti yao mdogo Alice, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi wa hadithi za kisayansi kwa jina la James Tiptree, Jr.

Katika miteremko ya Mikeno, mlima wenye kimo cha meta 4,437, na ya Karisimbi iliyo jirani, msafara uliwapata sokwe. Kazi ilihitaji mizoga kwa ajili ya makumbusho, na sokwe watano walichukuliwa. Kazi ilihitaji pia filamu, na Akeley akapata picha za sinema za sokwe wa milimani wakiwa hai katika msitu wao, ambazo ndizo za kwanza za aina hiyo. Ugumu wake waweza kukadiriwa na yeyote aliyewahi kushika kamera: mnyama mweusi, katika kivuli cha majani, juu ya mteremko wenye utelezi na ukungu, kwa utepe usio mwepesi wa mwanga. Sifa zote za kamera ile, shata pana, kichwa chepesi, jicho lisilohama, zilipata mtihani wake mahali pamoja.

Sokwe walioonekana kupitia lenzi hawakufanana na wale wa hadithi za wasafiri. Hawakushambulia, bali walikula majani, wakakwea miti iliyoinama, wakawabeba watoto wao. Akeley alirudi akishikilia kwamba mnyama huyo ni mpole asipoudhiwa, na kwamba atatoweka iwapo wawindaji hawatazuiwa. Alianza kampeni kwa serikali ya Ubelgiji, na tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Kwanza alitia saini amri ya kuanzisha hifadhi iliyopewa jina lake. Hifadhi ya Taifa ya Albert huhesabiwa kuwa ya kwanza barani Afrika. Sehemu yake ya Kongo sasa huitwa Virunga, na ile ya Rwanda ni Hifadhi ya Volkano.

Mabadiliko hayo ya moyo yasitiwe chumvi. Akeley hakuacha kuwinda. Safari yake iliyofuata ilikuwa ya kukusanya wanyama wengi zaidi. Hata hivyo, tofauti ipo. Kwa kadiri ya ushahidi wa maandishi yake, kumtazama mnyama kwa muda mrefu kupitia kioo cha kulengea kulimpa ujuzi ambao bunduki haikuweza kumpa, kwa sababu bunduki hukatiza mwendo pale ambapo kamera huuendeleza.

6.0 Tanganyika na Kongo, 1926

Mwaka 1924 Akeley alimwoa Mary Jobe, baada ya kuachana na Delia mwaka uliotangulia, na mwaka 1926 wakaja pamoja Afrika ya Mashariki. Safari hii ilifadhiliwa kwa sehemu kubwa na George Eastman, mwanzilishi wa kampuni ya Kodak, ambaye alifika mwenyewe, pamoja na Daniel Pomeroy. Mtengenezaji mkuu wa utepe na mbuni wa kamera wakawa katika kambi moja. Wachoraji William R. Leigh na Arthur Jansson nao waliletwa ili wanakili mandhari halisi kwa ajili ya daiorama.

Kaskazini mwa Tanganyika, Akeley aliurudia mtihani uliomshinda miaka 16 nyuma. Akishirikiana na wapiga filamu Martin na Osa Johnson, alipiga picha za wapiga mikuki wakiwawinda simba. Safari hii walikuwa Wakipsigis, ambao maandishi ya kikoloni yaliwaita Lumbwa. Kamera ilimudu kasi ya tukio. Maonyesho ya namna hiyo yaliingia katika filamu ya akina Johnson iitwayo Simba, iliyotolewa mwaka 1928. Ni ushindi wa ufundi, lakini lazima useme wote: uwindaji ule uliandaliwa kwa malipo mbele ya lenzi, na walioikabili hatari walikuwa wenye mikuki, ambao majina yao hayakuingia katika filamu.

Afya ya Akeley ilikuwa imedhoofika. Badala ya kurudi, alishika njia ya Kongo akiwa na Mary Jobe na mwanazoolojia wa Kibelgiji, Jean-Marie Derscheid, kwa nia ya kuchunguza eneo la hifadhi na kulipatia ukumbi wake onyesho la sokwe. Alipanda mlima akiwa mgonjwa. Mwezi Novemba 1926 alifariki katika miteremko ya Mikeno, akiwa na umri wa miaka 62, akazikwa Kabara, karibu na mahali alipowaona sokwe kwa mara ya kwanza. Mary Jobe alibaki akaendeleza kazi, na Leigh akaichora mandhari ya mahali hapo. Ukumbi wa Akeley wa Wanyama wa Afrika ulifunguliwa New York mwaka 1936, ukiwa na daiorama 28 na tembo wanane katikati.

7.0 Tathmini

Maisha haya yanaweza kupimwa kwa mizani tatu. Kwa mizani ya ufundi, Akeley anathibitisha kwamba mazingira ya Afrika ya Mashariki yalishiriki kuunda sinema ya dunia. Simba wa Uasin Gishu na mikuki ya Wanandi ndivyo vilivyouonyesha upungufu wa kamera ya zamani, na kamera mpya ikawa jibu la swali lililoulizwa huko.

Kwa mizani ya uhifadhi, urithi wake una pande mbili. Kabara ikawa kituo cha George Schaller mwaka 1959 na cha Dian Fossey mwaka 1967, na sokwe wa milimani wangalipo hadi leo. Lakini hifadhi iliyowekwa kwa amri ya kifalme haikuwauliza wenyeji, na upanuzi wake katika miaka iliyofuata uliambatana na kuhamishwa kwa watu walioishi humo. Swali la kuua ili kuhifadhi halikujibiwa na Akeley, bali aliliishi. Sokwe waliosimama katika kioo cha New York ndio waliowafanya watu wa mbali wawahurumie wale waliobaki msituni, nao hawakuombwa ridhaa.

Kwa mizani ya taswira, tatizo ni la nani anatazama na nani anatazamwa. Filamu za Akeley na za wenzake zilipelekwa ng’ambo. Waliobeba makopo yake hawakuwa watazamaji wake waliokusudiwa. Ilichukua takribani muongo mmoja baada ya kifo chake kabla ya mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, kupiga filamu kwa ajili ya watazamaji wa Afrika ya Mashariki wenyewe, nyingine zikiwa na maelezo ya Kiswahili. Hata huko usimamizi ulibaki mikononi mwa wageni, lakini mwelekeo wa lenzi ulikuwa umeanza kubadilika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kamera ya Akeley ilikuwa na wazazi wengi. Ilikuwa na fundi mmoja mwenye kipaji, asiye na shule nyingi, aliyekataa kuridhika na chombo kibovu. Ilikuwa pia na wapiga mikuki wa Kinandi waliomwonyesha kasi halisi ya tukio, na watu wa Mlima Kenya, Wimbia Gikungu akiwa miongoni mwao, waliomfuatilia nyayo, pamoja na wapagazi waliouhifadhi utepe mkavu vichwani mwao. Wanafunzi wa historia ya sinema katika eneo letu wanayo kazi ya kuzirudia filamu na maandishi ya kipindi hicho kwa jicho hilo. Utepe wa nitreti huoza ukiachwa, na majina nayo hupotea yasiposomwa. Makumbusho na hazina za filamu zimekuwa zikinakili utepe huo katika utepe salama na kuutunza katika baridi. Kuwatambua watu walioonekana ndani yake, na wale waliosimama nyuma ya tripodi, ni utunzaji wa aina nyingine ambao bado unawasubiri watafiti wanaoijua lugha waliyoizungumza.